Karatasi Kabla ya Hariri

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mimi methali hii nimeiona kwa macho yangu, kwenye mchanga wa Kigamboni, mchana kweupe, samaki wangu wa kukaanga akipaa mdomoni mwa ndege mwenye shingo ya kijivu. Panzi tulikuwa wawili, mimi na mke wangu. Tulisimama hatua thelathini kutoka kwenye mkeka wetu tukigombana kwa sababu ya gari lenye urefu wa nusu mita, na hatukuwa na habari na kunguru hadi walipomaliza samaki wakaanza kuburura kitambaa cha chapati.

Wanaosikia kisa hiki hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza. Kisha huwaeleza kwamba siku ile nilikaribia kumgonga mtoto wa watu, usiku wake nilikaribia kuichoma nyumba yangu, na katikati ya hayo mawili nilipoteza kitu ambacho kukirudisha kulinichukua karibu mwaka mzima.

Magari ya rimoti yalinipata ukubwani. Mfanyakazi mwenzangu alirudi kutoka Dubai na boksi, akatualika jioni ya Jumapili kwenye uwanja wa shule jirani na kwake. Nilikwenda ili nisimvunje moyo, nikarudi nyumbani nimenaswa. Msomaji asidhani nazungumzia kile kidude tunachowanunulia watoto Kariakoo, kinachokufa kabla Idi haijaisha. Gari la rimoti la watu wazima ni gari kamili lililopunguzwa, mara nyingi kwa kipimo cha 1/10. Lina shokapu zinazojazwa mafuta, lina difu, lina giaboksi, na tairi zake huzunguka juu ya beringi. Kila kipande kina namba yake na huuzwa peke yake, kwa hiyo ukivunja mkono unaoshika tairi unafungua skrubu, unafunga mwingine, safari inaendelea. Rimoti yenyewe imeumbwa kama bastola. Kidole cha shahada kinavuta kifyatulio kuongeza mwendo, na mkono wa pili unazungusha kigurudumu kidogo ambacho ndicho usukani.

Mke wangu nilimsimulia yote hayo. Nilimsimulia hata habari za kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, iliyonunua Porsche 911 halisi, gari la kupanda watu, ikaifungua vipande vipande ili mafundi wake waielewe, na mwaka 1976 ikatoa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934 ya kipimo cha 1/12. Nilitegemea ashangae ufundi huo. Yeye alikata uzi kwa meno, akaniuliza, “Na mke wa mwenye kampuni aliambiwa bei?”

Mke wangu ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake: mashine mbili, meza ya kukatia, na daima msichana mmoja au wawili wanaojifunza kazi. Swali lake lilinichoma kuliko alivyojua. Gari langu la kwanza nilimwambia nimelinunua kwa laki na nusu. Kwa kweli, ukijumlisha chaja, betri mbili na nauli ya mzigo, lilipita milioni. Risiti niliikunja mara nne nikaifukia ndani ya boksi, chini ya karatasi za maelekezo, boksi nikalisukuma chini ya kitanda.

Uongo huo ulipofikisha mwaka wa pili, nikapata wazo ambalo wakati ule nililiita la mapenzi. Nimwingize na yeye. Tuwe wawili uwanjani, tucheke pamoja, Jumamosi zisiwe za mmoja tena. Leo naweza kulitaja wazo lile kwa jina lake. Anayestarehe peke yake huulizwa maswali nyumbani. Wakistarehe wawili, nani atamwuliza mwenzake? Nilikuwa natafuta mshirika wa matumizi, nikajidanganya kwamba natafuta mwenza wa furaha. Mwanzo ulikwisha kuoza kabla ya gari kununuliwa.

Ndoa yetu ilipotimiza miaka 12 niliagiza gari la pili, nikasema ni lake. Ulake wake sijui ulitoka wapi, maana sikumwuliza aina, sikumwuliza rangi, wala sikumwuliza kama analitaka. Nilichagua lile nililokuwa nikilitamani mwenyewe kwa miezi sita: pikapu ya mashindano, mota isiyo na brashi, betri ya lithiamu ya seli tatu. Bodi niliipaka rangi ya waridi, nikiamini hiyo itatosha kuligeuza gari la mwanamke. Mke wangu hushona nguo za rangi zote za dunia, lakini kwa miaka 12 sijamwona hata siku moja amevaa waridi.

Alifungua boksi, akaligeuza gari huku na huku, akalitazama kwa jicho la fundi. “Ahsante, mume wangu,” akasema. “Limepakwa vizuri.” Ningekuwa na masikio siku ile, ningesikia kwamba hakusema amelipenda.

Nilingoja Jumamosi ya bamvua, siku ambazo maji hukupwa mbali na kuacha mchanga mgumu, bapa kama sakafu. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao. Tulivuka kwa pantoni asubuhi, tukachukua bajaji hadi ufukweni, tukatandika mkeka kivulini. Kulikuwa na ngalawa zilizopandishwa nchi kavu, wavuvi wawili watatu wakishona nyavu, na watoto wao wakicheza pembezoni mwa maji. Mtu mwenye busara angeona watu na angesogea mbali. Mimi niliona sakafu.

Kabla ya kumpa rimoti nilimpa somo la nusu saa. Nilimweleza volti na seli, nikamweleza difu, nikamweleza uzito wa mafuta ya shokapu. Nilimweleza kanuni ya kuwasha: rimoti kwanza ndipo gari, na wakati wa kuzima gari ndilo huanza, ili lisibaki hai bila mtu wa kuliamuru. Yote yalikuwa kweli. Katika mambo ishirini niliyomwambia, nilisahau moja ambalo lilipaswa kuwa la kwanza, na kwa siku ile lingetosha peke yake: ukichanganyikiwa, achia kidole. Kifyatulio kikiachiwa hurudi chenyewe katikati na mota hukosa nguvu. Lakini mwanadamu akishtuka hukaza mkono. Asiyefundishwa kuachia, hofu itamfanya avute zaidi.

Jambo la pili sikulisahau, nililiacha kwa makusudi. Rimoti ile ilikuwa na kitufe cha kupunguza nguvu. Ukikibonyeza, gari hupata nusu tu. Kimewekwa pale kwa ajili ya wanaoanza. Sikukibonyeza. Nilitaka aone uwezo wa gari, na ndani kabisa nilitaka aone uwezo wangu wa kuchagua gari.

Nikupigie hesabu ambayo mimi sikuipiga. Gari lile lilikuwa na kilo mbili na nusu hivi, na kwa betri ile lilifika kilomita 60 kwa saa bila taabu. Likigonga kwa mwendo huo, pigo lake ni sawa na la kitu cha uzito huo kilichoanguka kutoka urefu wa mita 14. Watu wa pwani hawahitaji ufafanuzi. Huo ni urefu wa mnazi, na hakuna mzazi mwenye akili timamu anayemlaza mwanawe chini ya mnazi wenye nazi. Lakini likienda kilomita 20 kwa saa, pigo lake ni la kitu kilichodondoka kutoka begani kwa mtu. Mwendo ukigawanywa kwa mbili, pigo hugawanyika kwa nne. Hiyo ndiyo thamani ya kitufe nilichokionea aibu.

Mke wangu alivuta kifyatulio kama anavyokanyaga pedali ya mashine yake, taratibu. Gari likasogea. Akatabasamu, tabasamu la kweli, nami hapo ndipo nilipopaswa kufunga mdomo na kukaa chini.

“Vuta!” nikamwambia. “Vuta, usiogope, ni lako hilo!”

Akavuta. Tairi za mbele ziliinuka, mchanga ukaruka nyuma, na kufumba na kufumbua gari likawa doa la waridi linaloelekea baharini. Akageuza usukani asilitose, likazunguka, likaanza kurudi kwetu. Hapo pana mtego unaomnasa kila anayeanza. Gari likienda mbele yako, kulia kwake ndiko kulia kwako. Likigeuka na kukujia, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako, na mkono uliokuwa sahihi sasa hivi unageuka kuwa wa makosa. Alitaka kulipeleka upande wa maji. Likakata upande wa ngalawa, ambako mtoto wa miaka mitano au sita alikuwa anakimbiza kaa.

Alikaza mkono. Nikamrukia, nikampokonya rimoti, na katika kupokonyana huko vidole vya wote wawili vikawa juu ya kifyatulio. Gari lilimpita mtoto kwa hatua mbili, likajibamiza kwenye ubavu wa ngalawa, likapinduka mara tatu na kulala chali, tairi moja ya mbele ikining'inia kama bawa la kuku lililovunjika.

Linalofuata ndilo hunijia usiku. Nilikimbilia gari. Mtoto alikuwa pale, kaa wake ametoroka, macho yamemtoka. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, mikono yake imebaki hewani kana kwamba bado imeshika rimoti. Nikawapita wote wawili, nikaenda kupiga magoti mbele ya plastiki.

“Umeona ulichofanya?” nikasema, bila hata kugeuka.

Tuliyoambiana baada ya hapo hayafai kuandikwa. Nilisema yeye haelekezeki. Alisema mimi sijafundisha kitu, nimejionyesha. Nilisema mengi juu ya shukrani. Wavuvi waliacha nyavu wakatutazama, kisha wakaanza kucheka, nikadhani wananicheka mimi mpaka mmoja wao aliponyoosha kidole kwenye mkeka wetu. Kunguru walikuwa karamuni. Tulirudi na pantoni tukiwa na njaa, yeye ameegemea ukingo wa kulia, mimi wa kushoto, boksi katikati yetu.

Ungedhani siku imeisha. Usiku ulikuwa na lake.

Betri za lithiamu za magari haya ni nyepesi na zina nguvu nyingi, lakini hazina msamaha. Seli iliyojaa ni volti 4.2, na haitakiwi kuzidishwa. Haitakiwi kushuka chini ya volti 3. Ukiiweka bila kuitumia iache katikati, kwenye 3.8 hivi. Ndani yake ni matabaka membamba yaliyobanwa kwenye mfuko laini, na ikipigwa au kutobolewa matabaka hayo yanaweza kugusana; hapo joto huzaa joto, hadi moto. Kwa hiyo betri iliyogongwa au iliyovimba haichajiwi tena kamwe, na hata iliyo nzima huchajiwa mtu akiwa karibu, juu ya sakafu ya vigae au chombo kisichoshika moto, mbali na nguo na karatasi.

Nilijua yote hayo. Lakini nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hutaka angalau kitu kimoja kimtii kabla hajalala. Betri ilikuwa imebonyea pembeni. Nikajiambia ni kidogo tu. Nikaichomeka kwenye soketi iliyokuwa karibu, pembeni mwa meza ya kukatia, kando ya robota la vitambaa vya wateja, kisha nikaenda kuoga.

Mke wangu ndiye aliyesikia harufu, harufu tamu inayofanana na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Alipofika betri ilikuwa imevimba kama andazi. Alichomoa chaja, akachukua koleo la mkaa, akaibeba hadi uani na kuifukia kwenye fungu la mchanga wa ujenzi. Ilitoa moshi, ikachemka kidogo, ikanyamaza. Mimi nilitoka na povu la sabuni masikioni nikamkuta amesimama juu ya mchanga ule na koleo mkononi.

“Maelekezo yake yako wapi?” akauliza. “Nataka kujua kama itaamka tena.”

Yalikuwa chini ya kitanda, ndani ya boksi la gari la kwanza. Alilivuta mwenyewe. Karatasi ya maelekezo ilitoka, na iliyokunjwa mara nne ikatoka nayo.

Aliisoma risiti mara mbili, kama anavyopima kitambaa mara mbili kabla ya kukata. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga.

“Wasichana wangu,” akasema, “wiki ya kwanza nawashonesha karatasi. Sindano haina uzi. Wanafuata mstari wa penseli mpaka mguu uzoee pedali na mkono uache kutetemeka. Wakiharibu, wameharibu karatasi. Wewe umenipa hariri siku ya kwanza. Bei umenificha. Nilipoichana ukanigombeza mbele za watu.”

Akaikunja risiti kwa mikunjo ile ile niliyoikunja mimi, akanirudishia.

Gari la waridi lilikaa juu ya kabati miezi minane. Hatukugombana tena, tulisalimiana, tulikula, tulilea. Lakini nilipotaja Jumamosi, alikuwa na kazi ya mteja. Nilipotaja gari lolote, hata daladala, alinyamaza. Niliomba radhi mara nyingi na kila mara alisema yamekwisha, kwa sauti ya mtu anayefunga duka.

Sikupata dawa kwa kuitafuta. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana na kikombe cha chai, na mwanafunzi mpya alikuwa kwenye mashine, karatasi chini ya sindano. Mke wangu ameketi kando yake, mikono ameilaza mapajani. Msichana akapotoka mstari. Mikono ya mwalimu haikutoka mapajani. Akapotoka tena, akaogopa, mashine ikaanza kukimbia.

“Achia mguu,” mke wangu akasema. Hayo tu. Mashine ikasimama. “Sasa tazama uko wapi. Haya, endelea.”

Chai ilinipoa mkononi. Lile neno moja nililolisahau Kigamboni katika mambo ishirini, yeye hulisema kila siku nyumbani kwangu, hatua tano kutoka mahali ninapovulia viatu.

Nikarudia historia niliyokuwa nikijigamba kuijua, safari hii nikiisoma kwa ajili yake. Mwaka 1984 Tamiya ilitoa magari mawili ndugu. Moja liliitwa Grasshopper, yaani panzi, na jingine Hornet, yaani nyigu. Chini ya bodi yanafanana sana. Tofauti kubwa iko kwenye mota: nyigu alipewa ya aina ya 540, panzi akapewa ndogo, ya aina ya 380. Panzi alikuwa wa bei nafuu, bodi yake plastiki ngumu, na mwendo wake hauzidi sana wa kijana anayekimbia. Alitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanza. Watu walimpenda kiasi kwamba miaka ya 2000 kampuni ikawatoa upya yeye na nduguye. Watu wa Shizuoka, ambao hawajawahi kumwona mke wangu, walikuwa wamemfikiria kuliko nilivyomfikiria mimi ninayelala naye chumba kimoja.

Nililiuza gari la waridi kwa mwenzangu wa kazini. Fedha nilizileta mezani nikazihesabu mbele ya mke wangu, kisha nikamwandikia kwenye daftari lake la wateja kila shilingi niliyowahi kutumia kwenye mchezo huu tangu siku ya kwanza. Ukurasa ulijaa. Nikamwambia kiasi gani nataka kununulia panzi, na kwamba akisema hapana basi ni hapana.

Alisoma ukurasa hadi chini. “Nunua,” akasema. “Lakini usiseme ni langu.”

Panzi alikuja vipande vipande, kama magari ya aina yake yanavyouzwa, na kitabu cha maelekezo ambacho karibu chote ni michoro. Nilikitandaza kwenye meza ya kukatia, kwa ruhusa. Jioni ya kwanza alinitazama kwa mbali. Jioni ya pili aliona nimefunga kipande kinyume, akasema mchoro unaonyesha upande wa ndani, kama upande wa ndani wa kitambaa. Jioni ya tatu giaboksi aliifunga yeye, maana vidole vyangu vilikuwa vimejaa grisi na skrubu zilikuwa zinanikimbia. Mikono yangu niliilaza mapajani. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Ufukweni hatukurudi. Mbali na watoto na ngalawa, chumvi ya bahari hula beringi na nyaya. Tulikwenda uwanja wa shule siku ya mapumziko, hakuna mtu. Niliweka ndala zangu mbili chini, hatua kumi kati yake, nikamwomba achore namba nane kuzizunguka. Sikumpa somo. Nilimwambia maneno mawili: achia kidole. Gari lilipomjia kwa mara ya kwanza mkono wake ukapotea. Akaachia, panzi akasimama mwenyewe. Mke wangu akamtazama, akacheka. Nikaongeza jambo moja tu, ajifikirie amekaa ndani ya gari, uso ukielekea kioo cha mbele. Baada ya dakika kama kumi alikuwa anazungusha nane bila kugusa ndala.

Dakika ya kumi na tano akanipa rimoti. “Leo imetosha,” akasema.

Maneno “mara moja tu” yalinifika kooni. Nikayameza.

Miaka miwili imepita. Mke wangu hakuwa mpenzi wa magari ya rimoti, na nakuomba usiingoje sehemu hiyo ya hadithi kwa sababu haipo. Miezi mingine huja uwanjani mara moja, mingine haji kabisa. Akija huzungusha nane zake, humpa rimoti mtoto yeyote aliyesogea kutazama, huku akimwambia aachie kidole, kisha hukaa kivulini na kushona vifungo. Mara moja alinipakia bodi ya gari langu la kasi. Bodi hizo ni za plastiki ang'avu na hupakwa kwa ndani, kinyumenyume, kama nguo inavyoshonwa ikiwa imegeuzwa. Aliipaka kijani. Ndiyo bodi nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na hakupaka ya pili.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kumwingiza mwenzi wako kwenye jambo unalolipenda, liwe gari la rimoti, uvuvi wa ndoana, ususi au kilimo cha matikiti, sikiliza mtu aliyelipia ada. Mtajie bei kabla hajauliza. Risiti iliyofichwa ina siku yake. Usimnunulie unachokitamani wewe ukakiita zawadi. Anza na kidogo, polepole, mahali pasipo na watu, na chenye kuvunjika kiwe chenye kutengenezeka. Mfundishe kusimama kabla hujamfundisha kukimbia. Akikosea, mikono yako ikae mapajani. Pakitokea ajali, kimbilia mtu, kitu utakikuta pale pale. Betri iliyogongwa ipeleke nje ya nyumba, usiipeleke kwenye chaja. Akisema imetosha, imetosha, kwa kuwa ulimwalika aone unachokipenda, hukumwajiri akipende kwa niaba yako.

Na mkienda ufukweni, funikeni samaki.